Ukitaka kuijua Marekani ya miaka ya 50 kupitia muvi na majarida ya zamani, anza na wiki moja tu

Watu wengi wakitaka kuanza na muvi za zamani za Marekani wanatafuta ile orodha ya muvi mia bora za wakati wote, wanaangalia mbili, ya tatu wanasinzia, imeishia hapo. Mi nilianza hivohivo nikakwama hivohivo. Kilichokuja kunisaidia ni kitu kingine kabisa, nikachukua wiki moja ya zamani nikaishi ndani yake, jarida walilosoma wiki ile, muvi iliyokuwa sinema wiki ile, friji waliyoitamani wiki ile. Ukifanya hivo hata muvi mbovu inakuwa tamu kwasababu unamjua aliyekata tiketi, unajua ametoka wapi na nyumbani kaacha nini.

Naongelea zaidi 1945 mpaka 1960 na kitu, vita imeisha, hela ipo, televisheni ndo inaingia majumbani. Na karibu vyote ntakavyovitaja unavipata bure, simu na bando basi.

Hatua ya 1: chagua mwaka, alafu shuka mpaka wiki

Usichukue "miaka ya 50" yote, ile ni bahari. Chukua mwaka mmoja uandike juu ya daftari. Mfano 1955. Tarehe 17 Julai Disneyland inafunguliwa kule Anaheim, California, na mwaka huo watoto nchi nzima wanavaa kofia za ngozi ya rakuni zenye mkia kwasababu ya Davy Crockett wa kwenye TV. Wiki sita baadae, 28 Agosti, mtoto mweusi wa miaka 14 anaitwa Emmett Till anauawa na wazungu Mississippi. 30 Septemba staa wa muvi James Dean anakufa kwa ajali ya gari, mwezi unaofuata muvi yake ya Rebel Without a Cause inaingia sinema bila yeye. 1 Desemba mama mweusi anaitwa Rosa Parks anakataa kunyanyuka kwenye siti ya basi Montgomery ampishe mzungu. Haya mambo ukiyasoma kila moja kwenye kitabu chake unaona kama yametokea kwenye nchi nne tofauti, ukiyapanga kwenye kalenda moja ndo unashtuka kwamba mtoto aliyelilia kofia ya mkia na mama aliyekuwa anamlilia mwanae walikuwa wanasoma tarehe moja ukutani.

Kama ndo unaanza kabisa nakushauri Novemba na Desemba 1952, sababu ntaitoa huko chini kwenye hatua ya 6, na inatuhusu sisi.

Hatua ya 2: fungua jarida, soma matangazo kwanza

Jarida la kuanzia ni Life. Lilitoka kama jarida la picha la kila wiki kuanzia 23 Novemba 1936 mpaka Desemba 1972, na matoleo hayo yapo Google Books, unaandika jina la jarida, unafungua toleo lolote, kuna sehemu ya kuonyesha matoleo yote yamepangwa kwa miaka, unachagua wiki yako unasoma palepale. Simu inatosha ila ilaze, maana kurasa zenyewe zilikuwa kubwa, kama sentimita 35 kwenda chini, ukizibana kwenye skrini ya simu herufi zinakuwa kama sisimizi. Siku ukipata kompyuta ya mtu jaribu, utaona picha zinapumua.

Sasa hapa ndo watu wanakosea, wanaruka matangazo wakimbilie stori. Mi nasema matangazo kwanza. Stori imeandikwa na mhariri anayetaka msomaji afikiri hivi au vile, lakini tangazo limeandikwa na mtu ambaye asipojua watu wanataka nini na wanaogopa nini anapata hasara. Chukua yale matangazo ya sigara za Camel yaliyoanza 1946, daktari kavaa koti jeupe, anakwambia madaktari wengi wanavuta hiyohiyo kuliko nyingine. Jiulize, kwanini daktari, kwanini wasiweke mcheza mpira au binti mrembo tu? Kwasababu wavutaji walishaanza kuogopa makoo na vifua vyao, na kampuni ilishaijua hiyo hofu. Ile ripoti kubwa ya serikali ya Marekani juu ya sigara na saratani ya mapafu ilikuja kutoka Januari 1964, miaka 18 baadae. Yani hofu unaiona kwenye tangazo kabla hujaiona kwenye habari.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo mi siachi kuifanya. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kuu Marekani kuanzia Januari 1950 mpaka mwanzoni mwa 1956 kilikuwa senti 75 kwa saa. Kwahiyo kila bei unayoiona igeuze iwe senti, igawe kwa 75, unapata saa za kazi. Life lenyewe 1952 lilikuwa senti 20, hizo ni dakika 16 za kazi. Ukikuta friji la dola 300 hizo ni saa 400, wiki kumi nzima za kazi za saa arobaini bila kula wala kulipa kodi. Ukishafanya hesabu hiyo yule mama anayecheka pembeni ya friji kwenye picha humuoni tena kama pambo, unaona ni kwanini anacheka vile, na unaona pia ni nani hatacheka hivo kwa muda mrefu.

Hatua ya 3: tafuta muvi, na uijue sheria iliyokuwa imeibana

Muvi nyingi za kipindi hiki zipo Internet Archive, na nyingine kwenye ukumbi wa mtandaoni wa Library of Congress, yani maktaba ya bunge lao, unaitwa National Screening Room. Nyingine ni bure kihalali kabisa siyo za wizi. Sheria yao ya zamani ilikuwa hivi, muvi iliyotoka kabla ya 1964 mwenye mali alipewa hakimiliki ya miaka 28, ikikaribia kuisha alitakiwa aombe upya, asipoomba inakuwa mali ya wote. Kampuni nyingi zilisahau au ziliona hailipi. Ndo maana His Girl Friday ya 1940 unaiangalia bure, na Royal Wedding ya 1951 pia, ile Fred Astaire anacheza dansi ukutani mpaka darini (walijenga chumba kizima ndani ya pipa kubwa linalozunguka, kamera na mpiga kamera wamefungwa humohumo, chumba kinazunguka yeye anafuata sakafu tu). Ila siyo kila kilichopandishwa kule kiko huru, soma maelezo ya ukurasa kabla hujakitumia kwa kazi yako.

Bando sasa. Kwenye ukurasa wa muvi kuna orodha ya mafaili, usibonyeze la kwanza. Mi siku ya kwanza nilibonyeza bila kuangalia ukubwa, bando la wiki likaondoka kwa muvi moja tena haikufika mwisho. Tafuta faili dogo la MP4, la mega mia kadhaa, kwa simu linatosha sana.

Ukishaipata iache na umbo lake. Muvi kabla ya 1953 zilikuwa na picha ya karibu mraba, zile pana zilishika kasi baada ya CinemaScope, mfumo wa picha pana, kuingia mwaka huo, kwahiyo ukikuta michirizi myeusi pembeni usiinyooshe ijae skrini, utawafanya watu wote wafupi wanene. Na ukikuta rangi imekuwa kama ya waridi, kila kitu kina wekundu wekundu, ujue ni filamu ya rangi ya bei nafuu iliyoanza kutumika 1950 na kuendelea ambayo imechuja kwa uzee, watu wa siku zile hawakuona hivo, waliona rangi kali. Zile zilizopakwa rangi juzi kwa kompyuta kutoka nyeusi na nyeupe mi naziepuka kabisa, ile rangi ameamua mtu wa leo, haikukuambia chochote kuhusu jana.

Alafu kuna kitu usipokijua utaziona hizi muvi za kitoto. Kuanzia 1934 mpaka 1968 studio za Hollywood zilikuwa chini ya kanuni waliyojiwekea wenyewe, wengi wanaiita Hays Code, muvi isipopata muhuri haiingii sinema za maana. Mhalifu lazima aadhibiwe. Mume na mke mara nyingi unawaona na vitanda viwili mbalimbali kama wanafunzi wa bweni. Na mpaka kanuni ilipolegezwa 1956 ilikatazwa kabisa kuonyesha mapenzi kati ya mweusi na mzungu. TV nayo ilikuwa na aibu zake, kwenye kipindi cha vichekesho cha I Love Lucy, steringi wake Lucille Ball alikuwa na mimba ya kweli wakaiingiza kwenye hadithi lakini neno lenyewe la "mimba" halikuruhusiwa kutamkwa, wakawa wanasema tu anatarajia. Mtoto "alizaliwa" kwenye TV 19 Januari 1953 na watu kama milioni 44 wakaangalia, zaidi ya walioangalia Rais Eisenhower akiapishwa kesho yake.

Ukishajua hivo unaanza kuangalia tofauti. Mlango ukifungwa, kamera ikihamia dirishani kwenye mvua, sigara ikiwashwa na watu wawili kwa kiberiti kimoja, hapo ndo pameandikwa kilichokatazwa. Waswahili tumezoea mafumbo, hii hatua sisi haitusumbui.

Hatua ya 4: filamu fupi za shule na kampuni, hizi usiziruke

Humohumo Internet Archive kuna mkusanyiko unaitwa Prelinger, umeanzishwa na Rick Prelinger aliyekuwa anaokota filamu ambazo kila mtu alikuwa anazitupa, za mashuleni, viwandani, za matangazo. Mi nazipenda kuliko muvi za mastaa, nasema kweli. Nyingi ni dakika kumi tu, bando halishtuki.

Anza na Duck and Cover, imetengenezwa 1951 kwa ajili ya idara ya serikali ya kuwalinda raia. Kuna kobe wa katuni anaitwa Bert, anaimbiwa wimbo mzuri kabisa, likitokea la kutokea anaingia kwenye gamba lake. Alafu watoto wa kweli darasani wanaonyeshwa kuingia chini ya madawati wakiona mwanga wa bomu la atomiki. Wasovieti walikuwa wamejaribu bomu lao la kwanza Agosti 1949, kwahiyo siyo mchezo wa kuigiza, hawa wanafundishwa kweli. Simamisha pale mtoto anapojifunika shingo na mikono. Tazama viatu vyake, tazama jinsi anavyochungulia kama amefanya vizuri. Mi picha ile imenikaa kuliko muvi yoyote ya vita.

Alafu weka Design for Dreaming ya 1956, ya kampuni ya magari ya General Motors, dada anacheza dansi katikati ya magari ya miaka ijayo, anaingizwa kwenye jiko linalojipikia lenyewe, keki inatoka na mishumaa imeshawaka. Ziangalie usiku mmoja zote mbili. Watu walewale, miaka mitano tu katikati, mkono mmoja keki inajioka, mkono mwingine mtoto chini ya dawati.

Hatua ya 5: soma jarida la pili la wiki ileile

Hii hatua ndo ya lazima, ukiiruka utakuwa umeijua nusu nchi. Rudi kwenye Life, fungua kurasa ishirini mfululizo za mwaka wako, hesabu Wamarekani weusi waliomo, alafu hesabu wangapi hawajabeba sahani wala mzigo wa mtu. Andika namba. Sasa fungua Ebony au Jet. Zote mbili ni za John H. Johnson wa Chicago, Ebony ilianza Novemba 1945, kubwa ya picha kama Life, Jet ikaanza Novemba 1951, kajarida kadogo ka kuingia mfukoni. Google Books wanazo, siyo matoleo yote ila ni mengi. Humo ndani utakuta harusi, madaktari, magari, mabondia, wanamitindo, matangazo ya vitu vilevile ila safari hii anayecheka pembeni ya friji ni mama mweusi. Ni nchi ileile, wiki ileile.

Na ukifika Septemba 1955 utakuta Jet yenye mazishi ya Emmett Till. Mama yake, Mamie, aliamua jeneza liwe wazi ili watu waone alichofanyiwa mwanae, na Jet wakaichapa ile picha, magazeti makubwa ya wazungu hayakuichapa. Nakutahadharisha ni picha nzito, siyo ya kufungua ukiwa na watoto karibu. Lakini kizazi kizima cha weusi Marekani kilikua kinaijua ile picha, na miezi mitatu baadae ndo weusi wa Montgomery wakagoma kupanda mabasi, baada ya lile la Rosa Parks.

Ukitaka kuongezea, New York Public Library wameweka mtandaoni Green Book, kitabu cha wasafiri alichoanzisha Victor Green 1936, orodha ya hoteli, sheli na migahawa ambako mtu mweusi anaweza kuingia bila kudhalilishwa. Kiweke pembeni siku unayoangalia muvi ya familia inasafiri na gari huku inaimba.

Hatua ya 6: jitafute na wewe humo, mfano Bwana Devil

Sasa ile ya Novemba 1952. Tarehe 26 kule Hollywood, Paramount Theatre, ilizinduliwa muvi inaitwa Bwana Devil, ndo muvi ndefu ya kwanza ya Marekani ya rangi yenye 3D. Na stori yake ni nini? Simba wa Tsavo. Wale waliokuwa wanawala wafanyakazi wa reli ya Uganda 1898, hapohapo Kenya. Neno letu "bwana" kwenye mabango ya taa Hollywood, na tangazo linakuahidi simba mapajani kwako. Lakini waigizaji waliipigia kwenye ranchi huko California. Simba wenyewe wa kweli, ngozi zao ziliuzwa dola 5,000 mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, mpaka leo wamesimamishwa pale.

Mpiga picha wa Life, J. R. Eyerman, akawageuzia kamera watazamaji badala ya muvi. Picha yake hakika umeshawahi kuiona bila kujua, watu safu kwa safu, suti na magauni, wote wamevaa miwani ya 3D, wote wameinua uso upande mmoja. Ifungue uikuze pole pole, uso kwa uso. Kuna wanaocheka, kuna waliokunja uso, kuna walioachama. Miwani yenyewe haikuwa ile nyekundu na bluu kama wengi wanavyodhani, ilikuwa ya vioo vya kijivu vya Polaroid kwenye fremu ya karatasi, na kule nyuma projekta mbili zilikuwa zinaenda pamoja, jicho la kushoto na la kulia, zikitofautiana kidogo tu kichwa kinakuuma.

Sasa unganisha na daftari lako. Kwanini 3D na kwanini mwaka ule? 1946 ndo mwaka ambao sinema zilijaa kuliko yote, alafu TV ikaja, 1950 kama nyumba 9 kati ya 100 ndo zina TV, 1960 ni karibu 9 kati ya 10. Hollywood ilikuwa inatafuta kitu ambacho kile kisanduku cha sebuleni hakiwezi. Wakosoaji waliiponda Bwana Devil vibaya lakini ilileta hela, na 1953 kila studio ikakimbilia 3D, hata House of Wax ambayo muongozaji wake, André de Toth, alikuwa anaona kwa jicho moja tu kwahiyo ile 3D mwenyewe hakuiona. Kwahiyo unaona, walipotaka kitu cha kumtoa Mmarekani kwenye kochi lake kimojawapo walichokimbilia ni simba wa kwetu. Huwezi kuniambia hiyo historia siyo yetu na sisi.

Ukitoka hapo nenda Hatari! ya 1962, muongozaji Howard Hawks na steringi John Wayne, hii wao walikuja kweli, wakapiga Tanganyika huku Arusha, waigizaji wenyewe ndo wanakimbiza faru na magari, na mmoja wao, Hardy Krüger, akanunua shamba Momella akabaki miaka kadhaa. Angalia mara mbili. Mara ya kwanza angalia kawaida. Mara ya pili acha steringi, tazama watu wa nyuma, nani anapewa kuongea na nani anashika kamba tu, sikiliza Kiswahili kinachosemwa, na utambue mlima ule ni upi.

Hatua ya 7: majarida ya mastaa, kwa uangalifu

Photoplay na Modern Screen zipo kwenye mkusanyiko wa Media History Digital Library, unasachi jina la msanii linakuletea kurasa. Raha kweli kusoma. Ila stori nyingi zilipita kwenye mikono ya studio, ofisi zao za habari ndo zilikuwa zinasema nani anatoka na nani na nani anajua kupika. Isome kama unavyosoma tangazo la friji, ujiulize hapa nauziwa nini.

Hatua ya 8: muulize mzee

Hizi muvi hazikuishia Marekani. Kauboi wamefika Zanzibar, Mombasa, Tanga, Dar, na wazee wetu wamezilipia. Mi nina mjomba Tanga, nilikuwa namuonyesha muvi moja ya kauboi kwenye simu, nyeusi na nyeupe, akaichukua simu mkononi akaisogeza karibu na uso, kimya, alafu akasema "huyu hafi huyu, steringi hafi," na akaanza kunihadithia sikukuu ya Idd, nguo mpya, foleni ya tiketi, watoto waliokaa siti za mbele za bei rahisi wakimpigia kelele steringi ageuke nyuma adui anakuja. Lisaa lizima. Nilikuwa namjua miaka yote sijawahi kusikia hata neno moja la hayo.

Kwahiyo mpe shikamoo yake, kaa chini, usianze na maswali, muonyeshe dakika tano za muvi kwanza. Akishaanza kuongea ndo unatoa daftari. Muulize jina la sinema, mwaka hata wa kukadiria, tiketi ilikuwa senti ngapi, alikaa wapi na nani walikaa wapi, nani alimtafsiria kama Kiingereza hakijui. Alafu usiku rudi kwenye majarida ya mwaka muvi ile ilipotoka, tafuta tangazo lake, kesho yake mpelekee aone.